Kwa nini aliyetolewa kwenye chumba kinachovuja na kupewa nyumba imara anaanza kuumwa na kufilisika?

#1 Paa_la_Bati (mleta mada)

Habari za jioni, wanajukwaa. Nina swali ambalo limenisumbua kwa miaka miwili, na naomba tulijadili kwa utulivu.

Shangazi yangu aliishi miaka ishirini na minane katika mtaa ambao maofisa wa mipango miji waliuita chakavu. Sipingi kwamba ulikuwa chakavu: paa lilivuja, kaya sita zilitumia choo kimoja, na maji machafu yalipita mlangoni. Mtaa ukabomolewa ili ujengwe upya, naye akawa miongoni mwa wachache waliobahatika kupewa makazi mengine, nyumba ya vyumba viwili yenye maji ndani, mbali nje ya mji. Haukupita mwaka, akawa amelazwa mara mbili kwa shinikizo la damu. Kazi yake ya cherehani ikafa, na leo anaishi kwa kile tunachomtumia sisi ndugu. Nyumba anayoishi sasa inaishinda ile ya zamani kwa kila kipimo ninachoweza kukitaja, lakini yeye mwenyewe ni mgonjwa zaidi na maskini zaidi kuliko alivyokuwa.

Ni nini hasa kinachowadhuru watu wanaohamishwa? Ni kipato, ni upweke, ni umbali, au ni umri ambao ungemfikia popote pale?

#2 Daftari_la_Deni

Mpe shangazi pole zetu. Mimi nitasema juu ya kipato, kwa sababu nilikuwa na duka dogo katika mtaa uliobomolewa.

Mthamini alipokuja alipima kuta, akahesabu mabati, akaandika mlango na rafu, nami nikatia sahihi. Kitu alichokiacha ni daftari langu. Ndani yake kulikuwa na kaya zaidi ya arobaini zilizochukua bidhaa kwa mkopo na kulipa mwisho wa wiki, nami nililijua kila jina, nikajua nani analipwa lini na nani ana mgonjwa nyumbani. Zile kaya zilipotawanyika pande nne za mji, madeni yakapotea, na yule msambazaji aliyekuwa akiniachia mzigo kwa kuniamini naye akataka fedha taslimu. Fidia ilitosha kujenga banda jipya, lakini nikawa nimekaa ndani yake siku nzima nikisubiri watu wasionijua.

Kwa fundi cherehani ni vivyo hivyo. Mashine inabebeka kwenye mkokoteni, ila mteja anayekuja na nguo ya kupunguza kwa sababu anapita hapo kila siku habebeki. Kwa hiyo jibu langu, ndugu mleta mada, ni kipato kwanza, na maradhi yakafuata nyuma yake.

#3 Nesi_wa_Zamu

Naomba niulize kabla hatujafika mbali. Shangazi ana kadi ya kliniki? Alikuwa akitumia dawa za shinikizo kabla ya kuhama? Vipimo vilianza kupanda kabla ya kuhamishwa au baada?

Nauliza kwa sababu jambo ninaloliona mara nyingi kazini ni kukatika kwa matibabu. Mgonjwa wa shinikizo, kisukari, kifua kikuu au virusi vya Ukimwi amezoea zahanati moja na muuguzi mmoja, tena anajua siku ya kufuata dawa. Anahamishwa, faili linabaki kule, nauli ya kurudi inazidi uwezo wake, na zahanati mpya inamtaka aanze upya. Akikosa dawa za shinikizo kwa wiki chache hatasikia chochote, na hapo ndipo hatari ilipo. Ripoti ambayo Anna Tibaijuka aliiandika kwa Umoja wa Mataifa kuhusu bomoabomoa ya mwaka 2005 nchini Zimbabwe ilikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili, na miongoni mwa madhara iliyoyataja ni kuvurugika kwa huduma za wenye virusi vya Ukimwi. Wagonjwa hao hawakuugua upya kwa sababu ya huzuni au njaa peke yake, bali mnyororo wa dawa ulikatika.

#4 Ramani_na_Rula

Nimefanya kazi ya mipango miji kwa muda mrefu, na nitasema jambo ambalo pengine halitapendwa. Mitaa chakavu huua. Msongamano husambaza kifua kikuu, maji machafu huleta kuhara kunakoua watoto wachanga, na njia zikiwa nyembamba gari la zimamoto halipiti. Tukianza kuipamba mitaa hiyo kwa kumbukumbu nzuri, tutakuwa tumewasahau watoto waliozikwa kutoka humo.

Tena upo ushahidi kwamba kuhama huleta afya. Wizara ya makazi na maendeleo ya miji ya Marekani ilianzisha jaribio mwaka 1994 katika miji ya Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York, likihusisha familia zipatazo 4,600. Waliohamishwa kutoka mitaa ya umaskini mkubwa walipopimwa miaka kumi hadi kumi na mitano baadaye, walionekana kuwa na unene uliopindukia na kisukari kwa kiwango cha chini kuliko wenzao waliobaki. Kwa hiyo kuhama si ugonjwa. Kuhamishwa vibaya ndiko ugonjwa.

#5 Takwimu_Kwanza

Mkuu wa chapisho la 4, umeeleza vizuri, lakini neno moja lina kasoro, nalo ni «waliohamishwa». Familia zile hazikuhamishwa na mtu. Ziliomba zenyewe kushiriki, zikapigiwa kura ya bahati, na zilizoshinda zikapewa hati ya kulipia sehemu ya kodi. Kundi moja lilitakiwa kuitumia katika mitaa yenye umaskini mdogo. Aliyeona haimfai aliweza kubaki. Tukilichukua jaribio la watu waliotamani kuondoka tukawapimia watu walioamkia tingatinga, tutakosea.

Na hata humo, kipato cha watu wazima hakikupanda. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba faida ya kipato iliwafikia watoto waliohama wakiwa na umri wa chini ya miaka 13, ambao ukubwani walipata takriban asilimia 31 zaidi ya wenzao. Waliohama wakiwa vijana wakubwa hawakuipata faida hiyo.

Kwa wale wanaosema kipato kwanza, kisa cha zamani kinachowaunga mkono ni cha Stockton-on-Tees, Uingereza. Sehemu ya watu wa mtaa duni ilihamishiwa nyumba mpya zenye bafu na hewa safi, na sehemu nyingine ikabaki katika mtaa duni wa jirani. Daktari wa afya ya jamii wa mji ule, M'Gonigle, alifuatilia vifo vya pande zote mbili. Kwa waliohamia nyumba mpya, kiwango cha vifo kilipanda kutoka takriban 23 hadi zaidi ya 33 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, ilhali kwa waliobaki kilishuka kidogo. Alipochunguza matumizi ya kaya aligundua kwamba kodi ya nyumba mpya ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya awali, na kilichopunguzwa ili ilipwe kilikuwa chakula.

#6 Mzamiaji

Asante kwa kisa hicho, lakini nadhani hiyo ilikuwa miaka ya 1950, baada ya vita, wakati chakula chenyewe kilikuwa cha mgawo. Ikiwa ni hivyo, kosa si la nyumba.

#7 Takwimu_Kwanza

Hapana, ndugu. Uhamisho ulifanyika mwaka 1927 na matokeo yakajadiliwa katika miaka ya 1930, kabla ya mgawo wa wakati wa vita. Ulikuwa wakati wa ukosefu mkubwa wa ajira, na wengi wao waliishi kwa posho, kwa hiyo kodi ilipopanda hapakuwa na mahali pengine pa kupunguza.

Hata hivyo nitakipinga kisa changu mwenyewe kidogo. Waliohamishwa walikuwa watu 710 tu. Kwa idadi hiyo, kutoka 23 hadi 33 kwa kila 1,000 ni tofauti ya vifo saba au vinane kwa mwaka. Si jambo dogo kwa familia zile, lakini kwa idadi kama hiyo, kipupwe kimoja kibaya chenye homa ya mapafu kinaweza kuyumbisha hesabu.

#8 Daftari_la_Deni

Mtaalamu wetu wa namba hachoki, hata msibani ataomba kwanza idadi ya waombolezaji. Lakini nashukuru kwamba umeutaja mfuko wa nyumbani, maana hapo ndipo ninaposimama. Nyumba bora ina gharama zake: kodi, bili ya maji, bili ya umeme, nauli. Kile chumba kibovu cha shangazi kilikuwa kinamlisha, kwa sababu kilikuwa karibu na kazi na hakikumdai kitu kila mwezi.

#9 Mpangaji_Chumba_Na_4

Shikamooni wakubwa. Nimesoma machapisho yote, na naona kila mtu anazungumzia fidia na nyumba mpya. Sisi wapangaji hatukupewa hata kimoja.

Mwenye nyumba alilipwa, akaondoka. Mimi nilipewa siku za kuhama tu. Ndani ya miaka mitatu nimehama mara nne, kwa sababu watu wote waliobomolewa walikuwa wakitafuta vyumba vya bei ya chini kwa wakati mmoja, na kodi ikapanda katika mitaa yote ya jirani. Mwanangu amesoma shule tatu. Kuna muhula ambao hakusoma kabisa, maana shule ya kwanza ilikuwa mbali mno na ya pili ilikuwa imejaa. Sasa ana miaka kumi na miwili, na mwalimu wake ananiambia ni mtoto mkimya. Hakuwa mkimya.

Naomba mnaposema «waliohamishwa» mtuhesabu na sisi, kwa sababu watafiti wakienda kwenye makazi mapya kuuliza maswali hawatatukuta. Sisi hatuko huko.

#10 Takwimu_Kwanza

Dada wa chapisho la 9, umeligusa tundu kubwa kuliko yote katika ushahidi tulionao. Asiyekuwa na anwani haonekani katika utafiti, na pengine ndiye aliyeumia zaidi, kwa hiyo namba zozote nilizozitaja huenda zinapunguza ukubwa wa madhara.

Kuhusu mwanao kuna utafiti wa Santiago, Chile. Kati ya mwaka 1979 na 1985 serikali iliwaondoa watu katika mitaa ya vibanda. Sehemu yao ikapewa nyumba palepale walipokuwa, na wengi wakapelekwa pembezoni mwa mji. Pande zote mbili zilipata nyumba ya kumiliki, kwa hiyo tofauti kubwa ilikuwa mahali. Watoto waliopelekwa mbali walipofika utu uzima walikuwa na kipato cha chini kwa takriban asilimia 10, na wakakosa karibu nusu mwaka wa shule wakilinganishwa na waliojengewa palepale.

#11 Ramani_na_Rula

Inawezekana waliopelekwa mbali ndio waliokuwa maskini zaidi tangu mwanzo. Katika kazi yetu, mtaa unaobaki kwa kawaida ni ule ambao ardhi yake inafaa kujengwa, na unaoondolewa ni ule wa bondeni.

#12 Takwimu_Kwanza

Pingamizi lako lina uzito, na watafiti walilishughulikia kwa kulinganisha familia zilizofanana kabla ya uhamisho. Sisemi kwamba shaka yote imeondoka.

#13 Mwalimu_Mstaafu

Nawasalimu wote. Nimekuwa nikisoma bila kuandika, lakini sasa naona tunamgawa binadamu katika mfuko, mguu na kidonge, tukiacha moyo.

Mtaa wa West End mjini Boston ulibomolewa kati ya mwaka 1958 na 1960, na maelfu ya wakazi wakaondolewa. Mtafiti Marc Fried alizungumza nao kabla na baada ya kuondoka. Mwaka 1963 aliandika kwamba kati ya wanawake 250 aliowachunguza, asilimia 46 walionyesha majonzi makali kiasi au zaidi ya hapo, na kwa wanaume ilikuwa asilimia 38. Maelezo yao yalifanana na ya mtu aliyefiwa: kulia, kukosa usingizi, maumivu ya tumbo, kujihisi kama kitu kimeng'olewa ndani. Baadhi yao walikuwa wamehama kwa miaka miwili tayari.

Nami nilihamishwa. Wakati huo nilikuwa na mshahara wa ualimu, na haukupungua hata senti, kwa hiyo ndugu wa daftari atanisamehe: hoja ya kipato hainielezi mimi. Kilichopungua kwangu ni wale watu watano ambao nilipita milangoni kwao kila asubuhi nikienda kazini. Mmoja wao ndiye aliyegundua kwamba mke wangu amepooza upande mmoja wa uso, akakimbia kutafuta gari kabla mimi sijarudi. Katika makazi mapya tuna ukuta na geti, na jirani wa kushoto hajui jina langu. Mke wangu akianguka leo mchana nikiwa sipo, nani atagundua?

#14 Nesi_wa_Zamu

Mwalimu, hicho ulichokieleza ni huduma ya kwanza kabisa ya afya, kwa maana halisi. Mgonjwa wa kiharusi anahitaji kufikishwa hospitali ndani ya saa chache, na anayeanzisha safari hiyo huwa ni jirani. Kwa hiyo hoja yako na yangu si maadui.

#15 Daftari_la_Deni

Mwalimu, sikupingi, ila naomba tuangalie jambo moja. Wale majirani watano walikuwa pia watu wa kukopeshana, kulindiana watoto na kupashana habari za kazi. Kwa mwenye mshahara wakipotea anapoteza wenzake. Kwa asiye na mshahara, amepoteza wenzake na benki yake kwa siku moja, ndiyo maana naona vigumu kutenganisha huzuni na mfuko.

#16 Mzamiaji

Ikiwa ni umbali tu, basi suluhisho si basi la kwenda mjini? Barabara ikifika, wateja wanafika.

#17 Takwimu_Kwanza

Ingekuwa rahisi hivyo. Mjini Ahmedabad, India, mwaka 1987 ilichezeshwa bahati nasibu ya nyumba kwa wanawake wafanyakazi waliokuwa wakiishi katika mitaa duni. Nyumba zilikuwa nzuri, umbali wa kilomita 12 hivi kutoka katikati ya mji. Baada ya miaka 14 washindi hawakuwa na kipato kizuri kuliko walioshindwa, na watoto wao hawakuwa mbele kimasomo. Asilimia 34 ya washindi hawakuhamia kabisa, na asilimia nyingine 32 walihamia kisha wakaondoka. Hao ni watu waliopewa nafasi wakaipima wenyewe, na wengi wakaona kwamba nyumba hailingani na wanachokiacha, hasa watu wa kuwategemea wakati wa shida.

Lakini ili nisionekane mwanasheria wa upande mmoja: mjini Glasgow, Uskoti, watafiti walifuatilia kwa takriban miaka kumi, kuanzia 2006, mitaa iliyokuwa ikibomolewa na kujengwa upya. Wengi wa waliohama hawakuonyesha madhara makubwa ya afya tuliyozoea kuyatarajia, na wengi waliziona nyumba zao mpya kuwa bora. Wengi wao walihamia karibu na walikotoka, na baadhi walikuwa wamechoka na majengo yale kwa muda mrefu.

#18 Ramani_na_Rula

Asante kwa kusema hilo la Glasgow. Ndilo ninalolipigania kazini, kwamba wajengewe kwanza nyumba jirani, wahamie, ndipo pabomolewe. Ninapolileta mezani naambiwa ni ghali na linachelewesha. Hakuna anayeniuliza gharama ya kutofanya hivyo iko katika bajeti ya nani, na nimesoma katika uzi huu kwamba iko katika bajeti ya ndugu wanaomtumia shangazi fedha kila mwezi.

#19 Kifungu_kwa_Kifungu

Niongeze upande wa sheria kwa ufupi, hasa kwa dada wa chapisho la 9. Miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia hufuata viwango vya mazingira na jamii vilivyoanza kutumika Oktoba 2018, na Kiwango cha 5 kinatambua hasara za aina mbili, kupoteza makazi na kupoteza riziki, hata kama mtu hakuhama. Kinawatambua pia wakaaji wasio na hatimiliki. Hawalipwi ardhi, lakini wanastahili msaada wa kuhamia mahali pengine na fidia ya mali waliyoiweka. Pia Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni, katika maelezo yake ya jumla namba 7 ya mwaka 1997, ilisema kuondolewa kusimfanye mtu akose makazi, na kusifanyike usiku au wakati wa hali mbaya sana ya hewa isipokuwa wahusika wameridhia.

Miradi inayojengwa kwa fedha za ndani au za mwekezaji binafsi mara nyingi haibanwi na kiwango hicho cha Benki, na mpangaji hubaki na mkataba wake tu, kama anao. Kwa hiyo ukisikia mtaa wenu utaguswa, ulizia tarehe ya kufunga orodha ya wahusika, hakikisha jina lako limeandikwa kama mpangaji na kama mfanyabiashara, na tunza stakabadhi za kodi na picha za biashara yako. Baada ya tarehe hiyo ni vigumu sana kuongezwa.

#20 Mpangaji_Chumba_Na_4

Nashukuru sana. Kwetu orodha ilipitishwa saa nne asubuhi, siku ya kazi. Aliyekuwepo nyumbani ndiye aliyeandikwa.

#21 Paa_la_Bati (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Nesi_wa_Zamu, samahani kwa kuchelewa. Ilibidi nisubiri hadi Jumamosi niende kwa shangazi. Kadi anayo, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na barua ya fidia.

Alianza dawa za shinikizo miaka sita kabla ya kuhama, na kwa miaka mitano vipimo vyake vilikuwa vizuri. Vinaanza kupanda miezi kumi na moja kabla ya kuhama. Nilirudia kuhesabu tarehe kwa sababu nilitarajia kuona kinyume chake. Ni mwezi ule ambao nyumba zilipigwa alama za rangi ukutani. Shangazi anasema tangu siku hiyo hakuna aliyeziba paa lake tena, kwa sababu mwenye nyumba alisema hakuna maana. Wateja wakaacha kumletea nguo za kushona wakiogopa kwamba atahamishwa nazo. Na usiku alikuwa akiamka kusikiliza kama mitambo imefika. Baada ya kuhama kadi ina miezi minne mitupu. Nilimuuliza kwa nini, akasema nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa sawa na chakula cha siku mbili. Alilazwa mara ya kwanza mwezi wa tano.

Kwa hiyo mwalimu, na ndugu wa daftari, na nesi, wote nimewakuta katika karatasi moja, na sijui nimtangulize nani. Ila mwezi wa kwanza wa kupanda ulifika akiwa bado katika chumba chake kinachovuja, akiwa na majirani wake wote na zahanati yake karibu.

#22 Nesi_wa_Zamu

Usiombe samahani, umefanya kazi ambayo wengi hawaifanyi. Tafadhali piga picha kadi hiyo kurasa zote kabla wino haujafifia, na mwambie anayemtibu sasa kuhusu ile miezi minne, kwa maana huenda anaamini dawa hazimfai kumbe hakuwa akizipata. Na ulizia kama zahanati ya huko inaweza kumpa dawa za miezi mitatu kwa mara moja, ili nauli isimkatishe tena.

Ramani_na_Rula, nawe nakuomba kitu. Siku alama zinapopigwa ukutani, tupeni sisi wa zahanati orodha ya mitaa hiyo. Tungeanza kuwapima siku hiyo hiyo.

#23 Ramani_na_Rula

Sijawahi kuombwa orodha hiyo na mtu wa afya. Nitaipeleka hoja hiyo Jumatatu. Niandikie kwa ujumbe wa faragha aina ya taarifa mnazohitaji, kwa sababu tuna mtaa ambao utapigwa alama mwezi ujao.